Mara ya Tatu

Ujumbe wa kwenda au kutoka mwezini husemwa mara tatu. Njia ni ndefu na ina kelele, kwa hiyo mashine hulinganisha zote, hushika lililosemwa mara mbili, na linalotofautiana hulitupa. Ndiyo sheria. Hata nyumbani tumezoea. Mke wangu huniita kula mara tatu.

Binti yetu Atupele anachimba madini huko. Juzi tulisikia mitambo ya hewa mgodini kwao imeharibika. Leo akatuma ujumbe: "Baba, hewa ipo." Chini mashine ikaandika: kosa moja limesahihishwa.

Nikakimbilia kituo cha mawasiliano.

"Nisikilizishe lile mlilotupa," nikamwambia Sekela, msichana wa mapokezi.

"Halihifadhiwi, baba. Zile ni kelele tu za njiani."

"Na kama ni yeye? Kama msimamizi alikuwa amemsimamia, Atu akasema uongo mara mbili, ya tatu akashindwa?"

"Mzee wangu, mbili zimesema hewa ipo. Unataka nini tena, msiba?"

"Nataka mwanangu."

Akanionea huruma, akanisogezea kipaza sauti nitume jibu.

"Atu, sisi hatujambo, fanya kazi," nikasema, maana wakubwa wake husikiliza. Nikarudia hivyo hivyo. Mara ya tatu nikalia kama mtoto: "Atu, mwanangu, toka huko! Rudi nyumbani!"

Sekela akatazama skrini, akatabasamu.

"Ujumbe umeshafika, baba. Ulikuwa na kosa moja tu, limesahihishwa."