Hatujafungwa Miaka Sita

"Umesikia huo mlio?" Royce Tidwell alisimama ghafla katikati ya magari yaliyoegeshwa, kidole juu, kama mchungaji aliyeshukiwa na roho. "Mpira umerushwa mbali. Umedakwa. Sasa ngoja."

Wakangoja. Kutoka ndani ya uwanja wa Calder Flats vifijo vikapasuka, vioo vya malori vikatetemeka.

"Kijana amefika mstari wa mwisho," Royce akasema. "Alama sita hizo."

Lenore Pruitt, mjumbe wa baraza la kaunti, akamkodolea macho. "Umejuaje, na hata geti hatujalifikia?"

"Mama, mimi nimezaliwa hapa. Futiboli ninaijua kwa masikio."

Lenore alikuwa ametumwa kuamua jambo moja: uwanja ule wa viti elfu tisa, katika mji wa watu elfu saba, uachwe ulivyo, au ubomolewe ijengwe hospitali? Calder Flats haikuwa na hospitali. Mtu akivunjika nyonga alibebwa mwendo wa saa mbili hadi mji wa Lubbock, na gari la wagonjwa lilipita mbele ya uwanja. Royce alipenda kusema kwamba wagonjwa wenyewe huomba dereva apunguze mwendo, wapate kuuaga.

Royce aliuza malori na alikuwa mwenyekiti wa mashabiki wa futiboli, ule mchezo wa Kimarekani wa kubeba mpira mikononi na kugongana vichwa. Kazi ya pili ndiyo aliyoitaja akitambulishwa kwa wageni. Alikuwa ameapa kwamba mjumbe huyu hatatoka hapo bila kushiba, ndiyo maana walichelewa: alimpitisha kwanza kwenye meza ya maegeshoni ya Opaline Suggs, aliyekuwa akikatakata kidari cha ng'ombe kilicholala kwenye moshi tangu jana.

"Wataalamu wanasema futiboli inakufa," Lenore alisema, akipokea sahani. "Wanasema muda si mrefu watu watahamia soka."

"Soka!" Royce alilitema neno kama mbegu ya tikiti. "Watu wanakimbizana dakika tisini, mwisho sifuri kwa sifuri, halafu wanabadilishana fulana. Sisi hapa hilo tunaliita zoezi la zimamoto."

"Mwambie, Royce!" Opaline alidakia, kisu hewani. "Mwambie hatujafungwa miaka sita!"

"Miaka sita?" Lenore akaacha kutafuna.

"Hata mchezo mmoja," Royce akasema.

"Na majeruhi?"

"Hakuna aliyevunjika hata ukucha. Gari la wagonjwa tulishaacha kuliita. Lilikuwa linakuja kula nyama tu."

"Basi kocha wenu ni hodari kweli."

"Siri ni kutobadilisha kikosi, mpenzi," Opaline alisema. "Watu wa mijini kila siku wanabadilisha. Ongeza mchuzi."

Lenore akatabasamu. "Na wewe kijana wako anacheza nafasi gani?"

"Wangu?" Opaline aliufuta ubao uliokuwa safi tayari. "Wangu anaogelea. Ana shingo nyembamba, maskini, kaichukua kwa baba yake."

"Wako je, bwana Tidwell?"

"Brock anacheza gofu," Royce alijibu, akitazama ncha za buti zake. "Kipaji hakilazimishwi."

Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena tangu alipocheza futiboli ujanani, na siku hizi majina ya wateja yalimponyoka mdomoni kama sabuni. Brock alipotimiza umri wa kuvaa kofia ya chuma ya wachezaji, mama yake, Jolene, alisimama mlangoni akasema, "Kichwa kilichogongwa namna hiyo nyumba hii inacho kimoja, kinatosha." Royce alijiandaa kubisha mpaka asubuhi. Badala yake akajisikia akisema sawa, upesi kama mtu aliyefunguliwa kamba, na kesho yake akaenda mwenyewe kununua fimbo za gofu. Jioni hiyohiyo alipaka lori lake rangi ya chungwa, rangi ya timu.

Mlio mwingine ukapanda. Royce akaangusha sahani. "Twende, mama! Hapa tunaupoteza mpira, halafu tunaunyakua tena!"

Walipanda ngazi za nyuma wakisukumana na watu. Hapakuwa na kiti kitupu. Bendi ilipuliza tarumbeta kana kwamba kuta zina deni nayo. Mchungaji wa kanisa kubwa alikuwa amesimama juu ya kiti akimwita mwamuzi kipofu na mwana wa kipofu. Bibi mmoja mwenye joho la chungwa alilia waziwazi, na mwanamume asiyemjua alimshika mkono akalia naye. Mbele ya Lenore palikuwa na migongo tu, maelfu, ikiruka kwa pamoja.

"Sasa niambie," Royce alipiga kelele sikioni mwake, sauti ikimkatika. "Mchezo huu ni mgonjwa wa kufa?"

Miaka kumi na tisa barazani Lenore hakuwahi kuona watu wakikipenda kitu cha umma kiasi hicho. Alitoa simu, akaziba sikio moja.

"Mwenyekiti? Ni Lenore. Uwanja usiguswe. Ndiyo, nina hakika. Hospitali itafutiwe kiwanja kingine, hata kama ni baada ya miaka kumi. Huu mchezo hautakufa kamwe."

Royce akamkumbatia mpaka miwani ikampanda kwenye paji la uso. Kisha akapasua njia kwa viwiko, akamfikisha kwenye kizuizi cha mbele kabisa, mahali pa wageni wa heshima.

Lenore akatazama chini. Nyasi zilikuwa zimefika magotini, hazina alama ya kiatu hata kimoja, na kulungu wawili walikuwa wakijilisha katikati ya uwanja. Umati wote ulikuwa umeelekeza macho kwenye skrini kubwa ya upande wa kaskazini, ambako vijana wa mwaka 1996 walikuwa wakishinda fainali, kama walivyoshinda Ijumaa iliyopita.