Hadubini Iliyotazama Kushoto

Alama za Siwema zilipungua mbili kufikia kiwango cha chuo cha udaktari, na kalamu nyekundu ya Profesa Mhando ilikuwa imeshagusa fomu yake. Daktari Nambua, mwenzake kwenye usaili, akamshika Profesa mkono.

"Ngoja kwanza, Profesa. Siwema mwanangu, hebu nitajie sehemu za hadubini hii."

Siwema aliigeuza hadubini pale mezani mpaka ikatazama kushoto. Ndipo akazitaja sehemu zote, juu hadi chini, bila kukwama.

"Mbona umeigeuza?" aliuliza Profesa.

"Samahani, Profesa. Shuleni kwetu mwalimu aliichora ubaoni hivi, ikitazama kushoto. Ya kweli ndiyo kwanza naiona leo."

Daktari Nambua alimwekea kipande cha ua jekundu chini ya lenzi, akawasha taa, akamsogezea.

"Haya, tazama."

Siwema akasita. "Naweka jicho lipi, Daktari?"

"Lolote, mama."

Aliinama, akatazama.

"Kumbe seli zina rangi," alinong'ona. "Sisi zetu zilikuwa za chaki."

Profesa Mhando, kalamu yake bado i wazi, alinyoosha mkono akamwongezea mwanga.