Sanduku la Mvule

Walianza kwa kumpa pole, mmoja mmoja, kwa mikono miwili. Kisha Bonge akamtandika ngumi ya tumbo iliyomkalisha fundi chini juu ya maranda.

"Samahani, mkubwa," Bonge akasema, na kweli uso wake ulijaa haya. Akampiga tena.

Msumari alifunga mlango wa karakana kwa komeo. Alikuwa mwembamba kama jina lake, na mkononi alikuwa na dumu la petroli. Akaliweka chini polepole, mbali na jiko la gundi.

"Tumefuata matone ya damu mpaka hapa kwako. Yule kinyozi aliingia humu?"

"Aliingia," fundi akajibu. Tangu aokoke alikuwa hasemi uongo, hata pale uongo ungemfaa.

"Yuko wapi?"

"Hilo siwaambii."

Kinyozi alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, amelala chali ndani ya jeneza, kifuniko kimeachwa wazi kwa upana wa kidole ili apate hewa. Jana jioni alimchoma kisu kijana mmoja katika ugomvi wa kilabuni, na kijana akafa kabla ya kufika hospitali. Mtaa mzima ulikuwa ukimwinda. Asubuhi hii alikurupuka kutoka mafichoni, mguu ukivuja damu, akaingia mlango wa kwanza aliouona wazi, akamwangukia miguuni mzee asiyemjua.

"Nimeua, mzee. Nifiche."

Fundi alikuwa ameshika patasi. Mkono ukaikaza. Ile hamu ya zamani ikampanda mpaka kooni, na kwa muda hakujua nani angeshinda. Kisha akaitupa patasi, akamwonyesha jeneza, akampigia mchungaji simu. "Njoo na polisi," alimwambia. "Upesi, kabla sijabadilika."

Sasa kilichobaki ni kuvumilia mpaka wafike.

Bonge alipekua kila mahali. Akaangusha rundo la mbao, akafungua kabati, akachungulia hata chini ya meza, mahali ambapo tumbo lake mwenyewe lisingepita. Mwisho akalisogelea jeneza, akaweka mkono juu ya kifuniko.

Kofi la Msumari likalia paa!

"Huna adabu? Hilo usiliguse."

Bonge akavua kofia, akarudi nyuma. Lilikuwa jeneza zuri, la mvule mtupu, mbao ambazo fundi alikuwa amezitunza kwa ajili ya kitanda cha harusi. Alilianza alfajiri; kitambaa cheupe kilishatandikwa ndani, ila vanishi ilikuwa bado haijapakwa.

"Leta mkono, mkubwa," Msumari akasema.

Wakauingiza mkono wa kushoto wa fundi kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania mbao, na Msumari akaanza kuzungusha mpini. Ujuzi huo alifundishwa na fundi mwenyewe, enzi zile alipokuwa mkubwa wao na nusu ya mji ikifunga milango mapema kwa kumwogopa. Kidole cha kwanza kilipovunjika, fundi alipiga yowe. Cha pili, aliita jina la Yesu. Ndani ya jeneza hakikusikika hata kikohozi.

"Tunafanya hivi kwa ajili yako!" Msumari alikuwa karibu kulia. "Wewe ndiye uliyetufundisha, damu kwa damu. Yule kijana alikuwa wetu. Leo unatugeuka kwa sababu ya kanisa?"

"Mimi niliua, Msumari. Unakumbuka nilivyoua."

"Ukafungwa, yakaisha."

"Hayakuisha. Mama wa yule marehemu alikuja gerezani, akaishika mikono hii hii, akaniambia Kristo amenisamehe, na yeye pia. Nilimchukia kwa maneno yale. Kisha nikayaamini, ndipo nikaanza kupata usingizi. Sasa mwingine nimnyime, mimi nani?"

"Yule mama alikuwa mwendawazimu."

"Labda."

Msumari akazungusha tena. Mfupa ukalia. Fundi akatapika juu ya viatu vyake. Mkono ulimuuma, lakini kulikuwa na maumivu mengine chini zaidi, yaliyomsihi aseme neno moja tu, aelekeze macho tu kwenye jeneza, na petroli ifanye kazi yake. Alilitaka neno lile kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Akaling'ata pamoja na ulimi mpaka damu ikamchuruzika kidevuni.

Mara king'ora kikasikika barabarani.

Wale wawili wakatazamana. Bonge akalegeza jiliwa haraka haraka, akamfuta fundi mdomo kwa kofia yake, akaparamia dirisha la nyuma na kukwama kidogo hadi mwenzake alipomsukuma. Dumu likabaki palepale.

"Tutaonana mchana, mkubwa," Msumari akasema, naye akatokomea.

Fundi akajikokota, akakisukuma kifuniko kwa bega. Kinyozi alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakimtiririkia masikioni.

"Mzee, hunijui," akanong'ona. "Wala sina cha kukupa. Kwa nini umekubali kuumizwa hivyo?"

Nje milango ya gari la polisi ilikuwa ikifunguliwa, na sauti ya mchungaji ikiita. Fundi aliukumbatia mkono wake uliovunjika.

"Toka taratibu, usikichafue kitambaa," akasema. "Mwanangu uliyemchoma kisu jana analetwa mchana, na humo ndimo atakamolala."