Nyumba Iliyompokea Mkunga

Kila mwaka kijiji kiliruhusiwa kuchagua mtaalamu mmoja tu kutoka ng'ambo, na nyumba iliyompokea mgombea haikupiga kura, isije ikampendelea mgeni wake. Sekela, mwenye mimba ya miezi minane, alilijua hilo. Lakini hakuna mwingine aliyekubali kumpokea Marisol, mkunga kutoka Ufilipino.

Matokeo yakatangazwa: mkunga kura arobaini, fundi wa majokofu arobaini na moja.

"Kura yangu na ya mume wangu zingetosha!" Sekela alifoka.

"Sheria ni sheria, mama," mwenyekiti alijibu. "Maziwa yetu yanachacha. Mkunga tutamfikiria mwakani."

"Mwakani? Nimwambie mtoto asubiri uchaguzi?"

Watu wakacheka. Hata mumewe akatabasamu.

Nyumbani, Marisol alikwisha kufunga mizigo. Aliishika mikono ya Sekela akaiweka juu ya tumbo.

"Kichwa hiki hapa. Bado amelala kwa upande. Kisiposhuka wiki hii, nenda hospitali, usingoje uchungu."

"Hospitali ni safari ya siku nzima, dada."

"Najua."

Gari likapiga honi, Marisol akatoka. Sekela alibaki akibonyeza taratibu. Kichwa kilikuwa palepale, ubavuni.