Beseni la Vitunguu

Jikoni kwenye harusi, vitunguu vya pilau alipewa Zuwena bila mjadala. Tangu afanyiwe upasuaji wa leza akaachana na miwani, macho yalimkauka kana kwamba yametiwa mchanga, na chupa ya dawa ya matone ilikuwa haibanduki kwenye pindo la kanga yake.

"Huyu halii," wanawake walisema, wakamsogezea beseni zima.

Alikata huku akicheka nao. Kwenye kitunguu cha kumi, jicho la kushoto likamwasha. Kisha la kulia. Halafu kitu cha moto kikamteremka shavuni mpaka kidevuni. Kisu kikasimama.

"Masikini! Ng'ata njiti ya kiberiti, mwanangu," akasema shangazi yake, Bi Hidaya, akimtia njiti mdomoni. "Machozi yatakatika sasa hivi."

Zuwena akaitema. "Yakatike? Nimeyangoja miezi mitano, shangazi. Acha yaje!"

Shangazi alimtazama, akaelewa, akapiga kigelegele. Jiko zima likaitikia bila kujua kuna nini. Na Zuwena, mashavu yamelowa chapachapa, akachagua kitunguu kikubwa kuliko vyote, akakipasua chini ya pua yake, macho ameyatoa kodo.