Binti wa Fundi Redio

Sanduku la barafu lilitua mtaroni kwa kishindo, kifuniko kikafunguka, na vichupa vya chanjo vikaanza kuelea juu ya maji machafu. Muuguzi wa zahanati alibaki amesimama mikono mitupu.

"Ukirudi tena hapa," fundi redio alimwambia, "utalifuata humohumo wewe mwenyewe."

Waliokusanyika wakashangilia. Hakuna aliyeinama kuokota hata kichupa kimoja.

Fundi huyo walimwita Spika, kwa sababu ya kipaza sauti alichokifunga juu ya paa la kibanda chake. Zamani kilipiga muziki. Tangu surua isikike mji wa jirani na zahanati itangaze kuchanja nyumba kwa nyumba, kilipiga maneno yake tu, asubuhi na jioni. Wasikubali watoto wao wadungwe. Wajiulize, tangu lini kitu cha bure kikaletwa mpaka mlangoni? Watu waliokuwa wakimkwepa kwa domo lake sasa walimpisha kiti, na wengine walishaanza kumwita mwenyekiti kabla hata ya uchaguzi wa mtaa.

Muuguzi alijaribu mara ya mwisho, kutoka upande wa pili wa mtaro. "Chanjo inaufundisha mwili sura ya mwizi kabla hajabisha hodi. Akija, mwili unamjua. Msingoje mpaka aingie ndani ndio..."

"Mwizi ni wewe!" mtu akapaza sauti, na kicheko kikammeza.

Surua iliingia mtaani baada ya wiki tatu.

Ilianzia kwa pacha wa nyumba ya jirani: macho mekundu, kikohozi kikavu, kisha vipele vilivyochomoza nyuma ya masikio na kushuka mwili mzima. Kibibi, binti wa Spika wa miaka miwili, alikuwa ameshinda nao siku zote hizo, sahani moja, mkeka mmoja. Kila asubuhi mama yake alimgeuza masikio na kumchungulia kama anayemtafuta chawa. Hakuona kitu.

Wiki ya pili ilipoisha, pacha mmoja akafa.

Msibani Spika alisimama na bintiye begani. "Mwoneni huyu! Kacheza na wagonjwa, kavuta pumzi zao, na yuko buheri wa afya. Kadungwa sindano gani? Mwili unajilinda wenyewe. Aliyekufa, siku yake ilifika."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Hata Mama Pacha, aliyempakata yule aliyebaki, aliitikia.

Mke wa Spika hakuitikia. Walipofika nyumbani alimwomba mumewe wampeleke mtoto akachanjwe, kimyakimya, bila mtu kujua. Spika akapiga meza, vikombe vikaruka.

"Unataka kunivua nguo mbele za watu?"

"Na mtoto akiugua?"

"Kaugua?"

"Bado, baba Kibibi, lakini..."

"Basi funga mdomo. Siku utakayokanyaga zahanati na mwanangu, ukitoka huko pitiliza moja kwa moja kwenu. Usije kunigongea mlango."

Alikuwa mwanamke wa kusema hewala. Miaka sita ya ndoa hakuwahi kumdanganya mumewe hata bei ya chumvi. Lakini kesho yake alimvalisha Kibibi gauni la kutokea, akasimama mlangoni pa kibanda na kusema, bila kupepesa macho, "Nampeleka akamsalimie bibi yake ng'ambo ya mto."

Spika hakuinua uso kutoka kwenye redio aliyokuwa ameifumua. Huko alizoea kumpeleka mtoto yeye mwenyewe, na Kibibi akirudi ana joto kidogo, husema ni jua la njiani.

"Msalimie mama," alisema. "Na usichelewe kurudi."

Mkewe alivuka daraja, akaipita nyumba ya mama mkwe upande wa uani asionekane, akaenda hadi zahanati ya ng'ambo. Aliichagua kwa sababu moja tu: huko hakuna aliyemjua. Alikaa kwenye benchi akiwa amejifunika mtandio hadi puani, akishtuka kila mlango ulipolia. Akirudi nyumbani ataambiwa nini, hakutaka kuwaza. Aliwaza jeneza lile dogo, lililobebwa na mtu mmoja tu, kwapani.

Zamu yake ilifika. Muuguzi mtu mzima, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, alimwuliza jina la mtoto, la baba, na tarehe ya kuzaliwa. Aliandika nusu, kalamu ikasimama. Akafunua kurasa za nyuma za daftari. Halafu akavuta droo na kutoa kadi.

"Huyu si wa kuchanjwa leo. Kamaliza zamani. Surua, ya kwanza na ya pili, hizi hapa."

"Hapana, dada, umemchanganya na mwingine. Mimi ndiye mama yake, na sijawahi kumleta."

"Najua hujawahi." Sauti ya muuguzi ilikuwa imekauka, na macho yake yalimpima kuanzia mtandio hadi viatu. "Alimleta baba yake. Kadi akatuomba tumtunzie hapa, maana alisema nyumbani mkewe hataki hata kusikia neno chanjo."