Mbuni na Gari la Mashindano

Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, Mbuni alikubali kumpa Ngedere mbuga yake yote ili apate gari moja la mashindano. Mumewe aliuliza mara moja tu: "Mama watoto, na mayai tutayalalia wapi?" Lakini Mbuni alitaka kuwa na mbio kuliko wote, na gari lile lilisifika kuliko yote.

Hata hivyo, alikuwa ndege wa kukagua. Kabla ya kukabidhi mbuga alilizunguka gari, akachungulia ndani.

"Redio iko wapi?"

"Tumeitoa, bosi. Ni uzito."

"Viti vya nyuma?"

"Tumevitoa."

"Zulia? Feni?"

"Vyote nje!" Ngedere akaipiga boneti kofi. "Hili ni la uwanjani tu, dada. Kila tunachotoa kinaongeza mbio. Na bei pia."

Mbuni akainamisha shingo, akafikiri.

"Kwa hiyo kinachochelewesha ni mzigo."

"Hapo umenielewa!"

"Basi toa na magurudumu."

Ngedere akacheka. "Sasa utaendaje?"

"Toa na injini. Toa na hayo mabati. Ukimaliza kutoa, atabaki nani hapo?"

Ngedere aliitazama miguu mirefu ya Mbuni.

"Nitabaki mimi," Mbuni akasema. "Na mimi sijinunui."

Kesho yake asubuhi alikimbia mzunguko mmoja wa uwanja kwa miguu yake, kisha akawahi mbugani kumpokea mumewe zamu ya kulalia mayai.